Wimbo wa Mashati Mawili

Wimbo mmoja ulikuwa mashati mawili. Hivyo ndivyo Mama Pasi alivyozipima asubuhi zake, wala hakuhitaji saa. Alikuwa akiamka, ananyunyizia maji nguo za wateja na kuzikunja zilainike, anachomeka pasi, kisha anabonyeza kitufe cha kompyuta kongwe iliyokaa juu ya kabati kama mgeni aliyekuja kutembea siku mbili akasahau kuondoka. Gitaa likianza, yeye yuko kwenye kola. Mumewe akianza kuimba, yeye yuko kwenye mkono wa kulia. Na sauti ya pili, ile ya mwanamke, ikipokea kwa kusema *karibu, viatu uviache nje*, pasi imeshafika mgongoni, mahali papana pasipo na vifungo wala mikunjo, ambapo mtu anaweza kuinua uso kidogo.

Jumatano hiyo alibonyeza kitufe, akaanza kola, na gitaa halikuja. Hakushtuka. Mashine ilikuwa nzito ya kuamka, kama watu wote wa nyumba hiyo. Kola ikaisha, mikono ikaisha. Alipofika mgongoni aliinua uso kwa mazoea, akakuta kioo kimeandika maneno ambayo hajawahi kuyaona: wimbo huu hauna idhini ya kuchezwa kwenye kifaa hiki, tafadhali thibitisha umiliki wako. Aliyasoma mara moja, akayarudia. Alikuwa anayasoma mara ya tatu pua ilipomwambia. Alipoinua pasi, shati jeupe la karani wa mahakama lilikuwa limepata doa la kahawia katikati ya mgongo, kubwa kama kiganja cha mtoto.

Alilishika shati kwa ncha mbili, akalitazama dhidi ya mwanga wa dirisha, kisha akalikunja kwa uangalifu kana kwamba bado lilikuwa na thamani, akamwita binti yake.

Kibibi alitoka chumbani na mswaki mdomoni. Alikuwa na miaka ishirini na miwili, akiuza kwenye duka la dawa, na alikuwa na moyo wa kusaidia watu kabla hawajamwomba, tabia nzuri ambayo mara nyingi humletea mwenyewe kazi mbili. Alieleza yote kwa haraka. Si baba ameambiwa na watu wa redio apeleke wimbo kwenye flashi Jumamosi? Na si mashine ilikuwa inakwama? Basi jana, mama alipokwenda kuchukua nguo, yeye aliibeba hadi kwa fundi, fundi akaifuta yote na kuiwekea mfumo mpya. Alitaka iwe zawadi. Nyimbo zote tisa alizihifadhi pembeni kwanza, akazihesabu zinatoka, akazihesabu zinarudi.

"Mafaili yapo yote, mama. Halijapotea hata moja."

"Mbona hayaimbi?"

"Yanataka ufunguo."

"Ufunguo wenyewe uko wapi, basi?"

Kibibi alitoa mswaki mdomoni. "Ulikuwa ndani ya ule mfumo wa zamani."

Mlango wa chumba cha pili ulifunguliwa, akatoka mwenye wimbo. Mtaani walimwita Stereo, tangu zile siku alipokuwa na bendi, na jina lilimganda hata sasa alipokuwa mtunza stoo wa kiwanda cha sabuni, akirudi jioni ananukia usafi ambao hakuufanyia kazi. Alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye kufuata maandishi. Ubao ukisema usikanyage majani, Stereo atazunguka bustani nzima mvua ikinyesha. Alisimama mbele ya kabati, akavaa miwani, akasoma maneno ya kwenye kioo hadi nukta ya mwisho.

"Imesema tafadhali," alisema.

*

Ili mtu aelewe ukimya wa asubuhi ile, lazima ajue jinsi kufuli lilivyoingia. Miaka kumi na mitano nyuma, nyimbo zilikuwa zikifika mtaani kabla ya mwenyewe kufika nyumbani kutoka studio. Wanamuziki walikuwa wanalia. Ndipo ikaja kampuni moja ndogo, watu wa tai na kalamu nzuri, wakawakusanya ukumbini wakawaeleza kwamba dawa imepatikana. Wimbo utauzwa kwenye mtandao ukiwa na kufuli ndani yake. Anayenunua anapewa ufunguo unaokaa kwenye mashine yake, na huo ufunguo haunakiliki. Wengine waliuliza maswali. Stereo aliuliza kalamu iko wapi.

Mkataba ulikuwa na kifungu kilichosema nakala yoyote isiyo na kufuli isibaki popote. Wenzake walitia sahihi, wakaenda nyumbani wakaficha kaseti zao uvunguni, maana kila mtu anajua kifungu ni kifungu na uvungu ni uvungu. Stereo hakuwa mtu wa uvungu. Alichukua kaseti ya majaribio aliyopewa studio, akaketi sebuleni, akauvuta utepe wake wote mpaka ukajaa sakafuni kama nywele za mtu aliyenyolewa. Mkewe alizoa ule utepe akautia kwenye mfuko, na kwa miezi mitatu akautumia kufungia marundo ya nguo za wateja. Ulikuwa imara kuliko kamba za dukani.

Kampuni ilidumu miaka mitatu. Baadaye ikawa haipokei simu, lakini nyimbo ziliendelea kuimba juu ya kabati, kwa hiyo hakuna aliyeona kuna jambo.

*

Alhamisi Stereo aliomba ruhusa kazini, akavaa koti, akamwambia mkewe anakwenda kampuni. Mama Pasi alikuwa na nguo za kupeleka upande huo, wakaongozana, yeye na rundo lake kichwani, mume na bahasha ya mkataba kwapani. Ghorofa lilikuwepo. Ngazi zilikuwepo. Kwenye mlango ambao zamani ulikuwa na nembo ya kampuni kulikuwa na godoro limesimamishwa, na ndani magodoro mengine, hadi darini.

Msichana wa kaunta aliwakaribisha vizuri sana. Alimtazama Stereo, akamtazama Mama Pasi, akauliza kwa upole kama wazee wanasumbuliwa na mgongo.

Stereo alieleza. Alitoa mkataba, akauweka kaunta, akaonyesha mhuri. Yule msichana aliusoma kwa heshima, kwa vile alilelewa vizuri, kisha akamwita mwenzake, naye akausoma. Mwenzake ndiye aliyekumbuka kwamba walipohamia walikuta mashine kubwa za kompyuta kwenye chumba cha nyuma, zimezimwa, wakaambiwa na mwenye nyumba waziuze kwa wanunua vyuma chakavu. Kwa kilo.

"Zilikuwa nzito," alisema, kana kwamba hilo lingewafariji.

Stereo alishukuru. Aliurudisha mkataba kwenye bahasha, na bahasha kwapani. Walipokuwa wanashuka ngazi mkewe alimwona akishika ukuta kwa kiganja, jambo ambalo hakulifanya walipokuwa wanapanda. Wakati mwingine alitamani mumewe awe mtu wa kutukana. Mtu akitukana, unamwambia nyamaza. Asiyetukana unamwambia nini?

Kwa fundi aliyeweka mfumo mpya walipita pia. Huyo alijikuna kichwa. Wangemwambia mapema, alisema, angerekodi nyimbo zikiwa bado zinacheza, kazi ya dakika tano. Yeye alidhani ni nyimbo tu, kama za watu wengine. Kibibi naye alitumia saa yake ya chakula kuutafuta wimbo kila pembe ya mtandao. Majina yote ya dunia yalikuwepo humo. Aliandika jina la baba yake, akaletewa tangazo la spika.

Wazee waliporudi nyumbani walimkuta karani wa mahakama amekaa kibarazani anasubiri shati. Mama Pasi alilitoa, akalikunjua mwenyewe, asimwache alikute nyumbani. Karani alilipapasa doa kwa kidole.

"Mama Pasi, kesho nina kikao. Sasa nisimame vipi mbele ya hakimu? Nisimpe mgongo?"

Alimwambia atamfulia mwezi mzima bure, na aibu ikampanda hadi masikioni, kwa sababu miaka yote ya kupiga pasi hakuwahi kuunguza hata leso. Karani alikuwa mtu mwema mwenye mdomo tu. Alipoambiwa sababu, aliomba kuuona mkataba, akausoma kama wasomavyo wao, kuanzia mwisho. Alisema ndiyo maana yeye hanunui tena kitu asichoweza kukishika. Friji yake haijawahi kumwuliza yeye ni nani. Redio ya baba yake iliimba mpaka mzee akafa, na haikutaka uthibitisho. Siku hizi unalipia kitu halafu unakiomba ruhusa. Kibibi, aliyekuwa amerudi, alimjibu kwamba siku hizi hakuna anayemiliki wimbo, watu wanakodi, unalipia mwezi na unasikiliza dunia nzima. Karani akamwuliza mwezi ukiisha je.

"Unalipa tena."

"Basi hiyo ni nyumba ya kupanga, binti yangu. Na mimi nakaa ya kupanga. Naijua." Alimrudishia Stereo karatasi zake. "Hukuuza wimbo, mzee wangu. Hapa umeuza kufuli, na wimbo ukautoa kama nyongeza."

Stereo alisema wakati ule ilionekana vizuri. Alisema hivyo tu, akaingia ndani.

*

Alasiri hiyo Kibibi alipata wazo. Kwa nini baba asiimbe upya? Simu yake ina kinasa sauti kizuri. Gitaa lilishushwa kutoka juu ya kabati la nguo, likafutwa vumbi, nyuzi mbili zikakatika wakati wa kulitia sauti, nne zikabaki. Mama Pasi hakuacha kupiga pasi. Alisogea tu karibu na ukuta ili asionekane kama anasikiliza.

Wimbo ulihusu mwanamume anayerudi kwake kila jioni kama mgeni, anabisha hodi kwenye mlango wake mwenyewe. Yeye anabisha, mke anajibu kutoka ndani. Stereo alianza. Sauti yake ilikuwa imechoka, lakini ilikuwa inaijua njia. Alibisha hodi. Alipofika mahali pa kujibiwa, vidole viliendelea kwenye nyuzi, na Mama Pasi akajikuta amefungua mdomo.

Aliufunga. Mumewe alikuwa ameinua macho, na kwa muda mfupi walitazamana juu ya shati la mtu mwingine.

"Hapa wanaingia waitikiaji," Stereo alimwambia binti yake. "Tuparuke."

"Waitikiaji ni kina nani, baba?"

"Watu wa bendi tu."

Pasi ilipita kwenye mkono wa shati, ikarudi, ikapita tena mahali palepale.

Walipoicheza rekodi hiyo, hata Kibibi, ambaye alikuwa tayari kusifu, aliizima kabla haijaisha. Ilikuwa kama sauti ya mtu anayesogeza kabati peke yake. Stereo aliweka gitaa chini. Jumamosi saa tatu asubuhi, baada ya miaka tisa bila hata mtu mmoja wa redio kumkumbuka, atakwenda studio na mikono mitupu, na kinyozi wake alishatangazia mtaa mzima kwamba wimbo utapigwa redioni.

Ndipo Kibibi akasema lile ambalo wakubwa wote wawili walikuwa wamelizunguka tangu jana. Alilisema akitazama simu yake. "Labda kwa mjomba upo."

"Katika nyumba hii," Stereo alisema, na sauti yake haikupanda hata kidogo, "wimbo wangu hautaingia kwa mlango wa mwizi."

*

Mjomba huyo mtaani aliitwa Kaseti. Alikuwa mdogo wake Mama Pasi, wa tumbo moja, na kazi yake toka ujana ilikuwa kunakili nyimbo na kuuza. Kanda zilipokwisha aliingia kwenye diski, diski zilipokwisha akaingia kwenye kadi za simu, lakini jina lilibaki. Mwaka uleule wa kufuli, wimbo wa Stereo ulisikika kwenye kibanda chake, mtupu, hauna kufuli lolote. Stereo hakwenda kugombana. Alifuata utaratibu. Aliandika barua, akaja na wakaguzi wawili wa hakimiliki, wakachukua mashine ya shemeji yake mchana kweupe huku watu wamesimama na soda zao wanatazama. Tangu hapo shemeji na shemeji walikuwa wakisalimiana misibani tu, tena kwa kichwa.

Swali moja lilibaki: wimbo aliupataje? Stereo aliamini ni mtu wa studio. Mama Pasi hakuhitaji kuamini chochote. Kaseti ya majaribio aliipeleka yeye mwenyewe kwa mdogo wake, siku moja kabla haijavutwa utepe, ndani ya foronya iliyopigwa pasi, ikanakiliwa, akairudisha jioni ileile.

Siku ya kurekodi alikuwa amekwenda studio kupeleka sare za bendi. Mwimbaji wa kike hakutokea, walikuwa wamegombana naye kuhusu nauli. Muda wa studio ulikuwa unakwenda. Stereo alimtazama mkewe, aliyeujua wimbo tangu ulipokuwa haujapata maneno, akamwambia asimame pale. Akasimama, na kanga yake, na harufu ya wanga mikononi. Aliimba mara moja tu, na mara hiyo moja ikatosha. Fomu ya majina ilipokuja, Stereo aliandika jina lake, na chini yake akaandika: waitikiaji. Alimwambia nyumbani kwamba yule mwimbaji angeleta maneno akiona jina la mwingine, na kwamba toleo la pili watarekebisha. Mama Pasi alisema sawa.

Alichotaka kwa mdogo wake kilikuwa kidogo sana. Alitaka mtu wa kwao asikie, basi. Hakufikiri kwamba muuza nyimbo akipewa wimbo atauuza; labda alifikiri, lakini hakufikiri mpaka mwisho. Na wakaguzi walipokuja, alikuwa nyumbani ana pasi ya moto mkononi. Aliendelea kupiga pasi. Miaka kumi na mitano.

*

Ijumaa asubuhi alifunga rundo dogo la nguo zisizokuwa za mtu yeyote, ili awe na sababu ya kutembea, akaenda.

Kibanda kilikuwa kimehama mara mbili, lakini spika zilimwonyesha njia. Kaseti alikuwa amenenepa. Mbele yake zilipangwa simu za watu zinachajiwa, nyaya zimesukana kama mizizi, na ubao umeandikwa kwa rangi kwamba picha, nyimbo na matatizo mengine yanashughulikiwa. Alimwona dada yake, akapunguza muziki.

"Dada. Leo nyota gani imeanguka?"

"Shikamoo husemi?"

"Shikamoo. Niliisahau, haitumiki sana huku." Alimfutia stuli kwa kiganja. "Kaa. Usiogope, wakaguzi wameshakuwa wateja wangu. Yule mfupi namwekea nyimbo za dini."

Alikaa, rundo mapajani. Alimweleza yote, kuanzia mfumo mpya hadi magodoro. Kwenye magodoro Kaseti alianza kucheka, kisha akauona uso wa dada yake, akaacha. Hakumwambia ninyi si mlitaka kufuli. Alikuwa na haki ya kusema hivyo na alikuwa amengoja miaka kumi na mitano, lakini hakusema. Alivuta droo, akatoa kopo la maziwa ya unga lenye kadi ndogondogo za simu, akazitawanya mezani kama mtu anayechagua mbegu.

"Mashine waliichukua," alisema. "Kaseti zilikuwa kwa mama, chini ya kitanda. Nilizihamisha zote baadaye, moja moja. Mtu atauliza siku moja, nilijua. Sikujua atakuwa mwenye kufuli."

Alichomeka kadi. Gitaa likatoka, likiwa na mchakacho wa utepe kwa nyuma kama mvua ya mbali. Wateja wawili waliokuwa wanangoja simu waligeuka. Stereo kijana alibisha hodi. Na mwanamke akajibu, *karibu, viatu uviache nje*, kwa sauti nyepesi yenye kicheko kilichofichwa, sauti ya mtu ambaye hana habari na yajayo. Mama Pasi alitazama vidole vyake.

"Nani huyo dada?" mmoja wa wateja aliuliza. "Mbona anaimba kama ananijua?"

Kaseti alimtazama dada yake, akampa nafasi. Hakuitumia. Basi naye akamwambia yule mteja kwamba simu yake imejaa, aichukue.

Walipobaki wenyewe Mama Pasi alimwuliza kile alichokuja nacho kweli. Kwa nini hakumwambia Stereo, siku ile ya wakaguzi, mbele ya watu, nani alimpa wimbo?

Kaseti alikuwa anahamisha wimbo kwenye flashi. Hakugeuka. "Ningemwambia, ungelala wapi?"

Mama Pasi alifungua kipochi, Kaseti akazikataa pesa kwa mkono, kama anafukuza nzi. Alitaka kitu kimoja tu. Faili lilikuwa na jina. Aliliandika yeye, kwanza kwa kalamu juu ya karatasi ya kaseti, halafu akaliandika vilevile kwenye kila mashine aliyopitia. Jina lisiguswe.

Alimgeuzia kioo aone. Ilikuwa imeandikwa kwa herufi kubwa: STEREO NA DADA.

*

Jumamosi Mama Pasi aliamka mapema kuliko siku zote. Alinyunyizia maji shati la bluu la mumewe, lile la sherehe, akalikunja, akalisubiri lilainike. Flashi alikuwa amempa Kibibi jana yake jikoni, na Kibibi, kwa mara ya kwanza maishani mwake, hakuuliza.

Alikuwa kwenye kola gitaa lilipoanza juu ya kabati.

Mlango wa chumba ulifunguka. Stereo alisimama na fulana yake na suruali ya suti, mswaki mkononi. Mchakacho ule wa utepe aliujua. Faili la kampuni lilikuwa safi kama maji yaliyochujwa. Alijua ni kaseti, na alijua ni Kaseti. Mama Pasi hakuinua macho. Alimaliza mkono wa kulia, akaanza wa kushoto, akingoja aambiwe kuhusu mlango wa mwizi.

Hakuambiwa. Mumewe alikuja taratibu akakaa kwenye kiti, akaegemeza viwiko magotini, akasikiliza. Kuna uchovu ambao ukifika hata kiburi hukaa chini kupumzika. Alisikiliza wimbo mzima. Ilipofika sauti ya pili, alifumba macho, na mkewe aliona hilo kwa pembe ya jicho, mgongoni mwa shati.

"Saa mbili sasa, baba," Kibibi alisema. "Nitoe flashi?"

Stereo alivaa miwani, akasogea kwenye kioo kuhakikisha, kama alivyohakikisha kila kitu. Midomo yake ilisoma. Akarudia kusoma.

"Stereo na dada," alisema. "Dada gani? Hiyo ni mizaha yake. Watu wa redio watalisoma hewani hivyohivyo. Futa, binti yangu. Andika jina langu, halafu weka waitikiaji."

Kibibi aliweka kidole kwenye kitufe. Herufi ya mwisho ikafutika. Ikafuata ya pili.

Mama Pasi aliinua pasi kutoka mgongoni mwa shati. Aliisimamisha kwa kisigino chake, akachomoa waya ukutani, akaikausha mikono yake juu ya kanga ingawa haikuwa na maji. Mumewe na binti yake waligeuka wote wawili, kwa sababu nyumba hiyo haikuwa imezoea pasi kuzimwa katikati ya shati.

"Zirudishe hizo herufi, Kibibi," alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo, ikabidi aitafute tena. "Baba Kibibi, mdogo wangu hakuiba. Ile kaseti nilimpa mimi. Na huyo anayekukaribisha hapo ndani si watu wa bendi. Ni mimi."